Kibano cha Elfu Kumi na Moja

Siku ya somo la Mkamo, Mwalimu Tusekile alisimama mlangoni kukagua mifuko kabla hajamruhusu mwanafunzi yeyote kuingia. Hadi kengele inalia alikuwa ameshakusanya bikari, rula za chuma, chupa ya glasi na kopo la pilipili ya unga. Kwa Gwakisa, kijana mwenye mabega ya mbeba mizigo, alikuta mguu wa stuli umechomekwa ndani ya mkono wa sweta.

"Huu ni wa nini?"

"Wa stuli, Mwalimu."

"Naona ni wa stuli. Nakuuliza ni wa nini."

Foleni yote ikacheka, na Gwakisa mwenyewe akacheka. Tusekile aliutupa ule mguu kwenye boksi akamwacha apite, ingawa alijua hajafanya lolote la maana. Darasani mle kulikuwa na stuli thelathini na kitu, na kila moja ilikuwa na miguu yake minne.

Mwaka jana hakukagua mtu. Alikuwa mgeni katika shule ya Isangala na alidhani watoto ni watoto. Msichana mmoja wa Bondeni, ng'ambo ya mto, jina lake Nsia, akatobolewa jicho kwa bikari mbele ya macho yake, na tangu siku ile Tusekile akisikia chuma kikianguka sakafuni anageuka kutazama macho ya watoto. Nsia alihamishwa. Mtoto wa Bondeni katika darasa la mwaka huu alikuwa mmoja tu, Lusajo, na ndiye aliyekuja wa mwisho, mkoba kifuani, shati limechomekwa vizuri kana kwamba anakwenda kanisani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lusajo, si nilikwambia uumwe leo?"

"Nilimwambia mama nitaumwa. Akasema nikiumwa leo sipati cheti, na nisipopata cheti nitachunga ng'ombe wa watu mpaka nizeeke."

"Basi kaa mbele, karibu na meza yangu."

"Mbele ni mbali na mlango, Mwalimu."

"Mlango unajifunga mwanangu, unajua. Ukishajifunga, mbele na nyuma ni kulekule."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa mbele. Tusekile akapita akiwafunga mikaja mmoja mmoja. Bibi zetu walifunga mkaja tumboni baada ya kujifungua, na ulikuwa kipande cha kanga tu. Huu wa shule ulikuwa wa mpira mweusi wenye nyuzi za chuma ndani, unazunguka mbavu, na kufuli lake linaisikiliza mashine iliyo ukutani, halimsikilizi mtu. Mwalimu naye alifunga wake, akaukaza. Mlango ukalia kle, ukajifunga.

* * *

Wakati wa Mkamo, ule ugonjwa uliokuwa ukiyakama mapafu ya mtu hadi yakauke, wakubwa walikuwa wakisoma idadi ya waliokufa kila jioni kwenye televisheni huku kikombe cha chai kikifuka moshi pembeni. Watu walikichukia kile kikombe kuliko ugonjwa wenyewe. Mkamo ulipokwisha ikatungwa Sheria ya Kibano: hakuna kinywa kitakachotaja hesabu ya wafu wale bila mbavu za msemaji na za wasikilizaji kuisikia. Na kila mtoto, popote duniani, akitimiza miaka kumi na mitano atafundishwa hesabu hiyo yote ili asije akaisoma kwa mdomo mtupu. Waliotunga sheria walikuwa na nia njema, wacha niwape haki yao. Ila inaonekana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungiwa chumba kimoja na vijana wa miaka kumi na mitano.

"Watu kumi," alisema Tusekile.

Mikaja ikabana kidogo tu, kama mtu anayekushika kiuno ili apite.

"Mia." Ikabana. "Elfu." Wengine wakakaa wima. "Haya. Kumi mpaka elfu ni mara mia. Kwa nini kibano hakikuongezeka mara mia?"

Bupe alinyoosha mkono. Alikuwa binti mwembamba wa Mlimani, mwepesi wa hesabu na wa mdomo. "Kwa sababu mashine inahesabu sifuri, Mwalimu. Kila sifuri ni ngazi moja. Kumi ngazi ya kwanza, mia ya pili, elfu ya tatu."

"Na kwa nini wakaamua hivyo?"

"Wangebana maiti mmoja mmoja tungekufa kabla hatujafika Ulaya."

Darasa likacheka, Lusajo naye akacheka. Tusekile akaona ajabu jinsi wanavyocheka pamoja bado.

Akawapeleka duniani. Ramani ikawaka ukutani na yeye akasoma bara kwa bara, akisimama kila baada ya hesabu ili watu wapumue. Asia ilipofika milioni thelathini na moja mikaja ikapanda ngazi ya saba, na chumba kizima kikatoa mlio mmoja kama wa gunia linaloburutwa. Kijana mmoja akatapika kidogo kwenye kiganja. Kisha akawaonyesha kisiwa kimoja cha bahari ya kusini, doa dogo hata jina halionekani.

"Hapa walikufa elfu sita."

Kibano kikaja, cha ngazi ya tatu. Baada ya Asia kilikuwa kama kupapaswa. Wengine wakashusha pumzi kwa raha.

"Msishushe pumzi. Kisiwa kizima kilikuwa na watu elfu nane. Bupe, gawanya."

"Kati ya kila wanne, watatu." Sauti ya Bupe ilipungua. "Mbona kimebana kidogo hivyo?"

"Mkaja unajua kujumlisha tu. Kugawanya ni kazi yenu. Kila mkisikia idadi ya waliokufa, ulizeni kati ya wangapi. Ulizeni nani alihesabu, na alihesabuje." Hapo akaharakisha kusoma, kwa sababu baada ya jumla ya dunia ilikuwa zamu ya hesabu za nyumbani.

Jumla ya dunia, milioni sitini na tatu na laki mbili, iliwalaza wengi juu ya meza. Ndipo ramani ikashuka ikakaribia, ikaonyesha wilaya yao, mto katikati, Mlimani upande huu na Bondeni upande ule.

"Mlimani," akasoma. "Elfu tisa."

Kibano. Nyuma ya darasa Gwakisa akaugulia kwa sauti, makusudi.

"Bondeni." Alitamani asisome, lakini mashine isingefungua mlango asiposoma. "Mia nne na kumi na mbili."

Mikaja ikabana kidogo, ikaachia.

"Rudia, Mwalimu," akasema Gwakisa. "Haijasikika vizuri."

"Imesikika."

"Hao mia nne. Hao waliokaa ng'ambo ya mto huku babu zetu wanakauka kwenye mahema. Si malori ya dawa yalipotelea kwao? Jamani, dawa ilienda wapi?"

"Bondeni!" darasa likajibu kwa pamoja, kama linavyojibu salamu.

Walikuwa wamebanwa asubuhi nzima. Mbavu zilikuwa zinawauma na hawakuwa na wa kumlipiza, na sasa walipewa mtu, yuko mbele, amechomeka shati.

Stuli ya kwanza ilimpata Lusajo mgongoni. Ya pili ilimpata kichwani akaanguka chini ya meza ya mwalimu, wakamvuta miguu wakamtoa. Gwakisa alimpiga teke la mdomo na jino likaruka likagonga ubao. Mmoja alimkalia kifua, mwingine akamshika sikio akawa analivuta na kulizungusha kama anayefungua bomba lenye kutu, na Lusajo akalia, "Mama! Mama yangu wee!" mpaka sauti ikawa haina maneno. Tusekile alijitupa katikati yao. Alimvuta mmoja kwa kola, akamkwangua mwingine uso, akapigwa kiwiko mdomo ukapasuka, na kila alipomtoa mmoja wawili waliingia. Damu ilikuwa imeshatapakaa kwenye saruji na viatu vilikuwa vinateleza. Gwakisa aliinua stuli juu kabisa kwa mikono miwili, juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa hana tena nguvu ya kujikinga.

"Napinga!" Tusekile akapiga kelele. "Napinga hesabu ya Bondeni!"

Mikaja yote ikatetemeka kwa pamoja na mashine ikalia mlio mrefu. Hakuna aliyewahi kuusikia mlio ule isipokuwa kwenye mazoezi. Wote wakaganda, hata Gwakisa na stuli yake.

* * *

Sheria ilikuwa fupi. Anayepinga hesabu ataje yake, na ataibeba. Hesabu mpya haipandi kwa sifuri. Inapanda kwa maiti, mmoja mmoja, na mkaja wa mpinzani unakaza uzi mmoja kwa kila maiti mpaka ufike mwisho. Wenzake waliomo chumbani wakiitamka hesabu ileile, kibano kinagawanywa kwao sawasawa. Wakifika zaidi ya nusu, hesabu inakubaliwa na mikaja inaachia. Wasipofika, mpinzani ana njia mbili: kuondoa hesabu yake, ambapo hataruhusiwa kuigusa tena maisha yake yote, au kufa nayo. Walimu wawili waliojaribu katika mikoa mingine walikufa nazo. Ndiyo maana Tusekile aliinyamazia hii kwa muda wote ambao amekuwa mwalimu. Alikuwa anaogopa, basi. Na alikuwa anaogopa zaidi kwamba watakaomsaidia kuibeba watakuwa watoto.

"Elfu kumi na moja," alisema.

Tarakimu zikaanza kukimbia ukutani. Mia nne kumi na tatu, mia nne kumi na nne. Mkaja ukaanza kazi.

"Mwalimu, ondoa!" Bupe alilia. "Utakufa!"

"Nisikilizeni nikiwa bado napumua. Nyie wa Mlimani mlihamishiwa kambini, maiti zenu zilihesabiwa kwa vichwa. Bondeni hakuna mtu aliyethubutu kuingia. Walituma droni. Zilipita alfajiri, juu, zinapima joto. Jiko lenye moto, mashine iliandika: watu wamo, wazima. Jiko la baridi, wamekufa." Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi. "Mimi ni wa Bondeni. Nilikuwa mtoto. Msiba ukiingia, iwe Mlimani au Bondeni, moto wa jikoni kwa marehemu unafanywaje?"

Akapiga meza kwa kiganja.

"Nawauliza! Unafanywaje?"

"Hauzimwi," akajibu mtu. "Mpaka siku ya kuondoa tanga."

"Na kama nyumba imekwisha watu?"

"Jirani anauchochea."

"Basi tuliuchochea! Mama yangu alinibebesha makaa kwenye chungu tukapita nyumba hadi nyumba. Mlango unafungua, wamelala mle, baba, mama, watoto, wamekauka, na sisi tunapiga magoti tunapuliza moto wao. Tulidhani tunawaheshimu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Droni zikaona Bonde lote linawaka. Wakaandika Bondeni wamepona, wasipelekewe tena dawa. Baadaye walipokuta nyumba tupu, wakaandika watu wamehama. Elfu kumi! Walihamia wapi? Nani amewahi kukutana nao?"

Elfu mbili na mia tano. Ubavu wa chini ulianza kupinda na aliusikia ukipinda.

"Uongo," alisema Gwakisa, lakini stuli ilikuwa imeshuka mpaka usawa wa goti.

"Gwakisa," Bupe akamgeukia, "juzi hapa alipofariki baba yako mdogo, si tulimkuta bibi yako jikoni kwa marehemu? Nyumba haina mtu na yeye anachochea. Ulimletea kuni wewe mwenyewe, nilikuona."

Gwakisa alimtazama Lusajo pale chini, sikio limening'inia, kisha akatazama viatu vyake. Hiyo ndiyo nafasi Tusekile aliyokuwa akiisubiri. Sasa watasema, aliwaza. Mmoja akianza, wote watasema.

"Kwa hiyo Nsia alitobolewa jicho bure?" akauliza kijana mmoja wa nyuma.

Wakamgeukia Gwakisa.

"Nani alitwambia dawa iko Bondeni? Si huyu? Kila mwaka si huyu na kaka zake?"

"Ni huyu!"

Yaani hata mmoja hakuitamka hesabu. Kuitamka kulikuwa na maumivu, na kumpiga Gwakisa hakukuwa na maumivu yoyote. Walimrukia kwa stuli zilezile, zina damu ya Lusajo bado. Yule kijana, na mabega yake yote, alianguka kama mzigo. Walimpiga magotini kwanza ili asiinuke, kisha tumboni, kisha popote. Msichana mmoja, mpole kila siku, alikuwa anamkanyaga vidole kimoja kimoja huku analia. Mwingine alikuwa amevua mkanda wa suruali ameuzungusha shingoni mwa Gwakisa anavuta.

"Acheni!" Tusekile alisema, na hakuna sauti iliyotoka.

Elfu sita. Ubavu ukavunjika, kah, na ukungu mweusi ukaingia kutoka pembeni mwa macho. Alijikokota akafika kwao akamshika mmoja mguu, na yule hata hakumhisi. Uso wa Gwakisa ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Tusekile aliwaona watu wake wa Bondeni, wale wote aliowapulizia moto, elfu kumi na kitu wanaoitwa wahamiaji, na hii ndiyo mara yao ya pekee ya kuhesabiwa. Akamwona na huyu mpumbavu wa miaka kumi na mitano, aliyekuja shuleni na mguu wa stuli ndani ya sweta. Ilimuuma sana kwamba ni huyu. Ingekuwa mwingine yeyote ingemuuma kidogo.

"Naondoa," alinong'ona. Mashine ilikuwa na masikio mazuri.

Mkaja ukaachia. Hewa ikamwingia kama maji ya baridi, na kwa hewa hiyo akanguruma mpaka vioo vikatikisika, akajitupa juu ya Gwakisa akamfunika mwili mzima. Stuli mbili zilimshukia mgongoni kabla hawajatambua wanampiga nani.

"Nimalizeni na mimi! Haya, pigeni! Huyu naye ni mtoto wa mtu! Mkimuua huyu nani atakuwa amepona humu?"

Wakarudi nyuma. Mkanda ukalegea shingoni mwa Gwakisa na akavuta pumzi yenye mlio wa kutisha.

Ukutani tarakimu zilikuwa zimerudi. Mia nne na kumi na mbili.

* * *

Bupe alikuwa amepiga magoti karibu na Lusajo, amemfunga sweta lake kichwani kuzuia damu ya sikio.

"Mwalimu," akasema, "sasa hesabu ya kwao itapingwa na nani?"

"Si na mimi tena. Mkaja wangu hautaisikia."

"Basi mmoja wetu..."

"Sitaki mtoto yeyote aiguse. Mmenielewa? Itabaki hivyo. Tutarudia jumla ya kufunga somo, mlango utafunguka, hawa wawili watapelekwa hospitali."

Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshindwa na wote waliisikia. Chini yake Gwakisa alikuwa anahangaika kukaa. Alijivuta akaegemea ukuta, jicho moja limefumba kabisa, akamsogeza mwalimu kando kwa heshima, kwa mkono wenye vidole vilivyovimba.

"Napinga," akasema. "Bondeni. Elfu kumi na moja."

"Gwakisa, ondoa!"

Tarakimu zilikuwa zimeshaanza kukimbia. Gwakisa akatikisa kichwa. Mbavu zake zilikuwa zimeshapigwa, na mkaja haukuuliza habari hiyo. Ulipofika elfu moja alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe mpaka damu.

Tusekile aligeuka. Alikuwa amewakataza sasa hivi tu, na sasa ilimbidi awaombe, na aibu ya kuomba ilimchoma kuliko ubavu. "Semeni," alisema. "Jamani, watoto wangu. Akisema mmoja wanabeba nusu kwa nusu. Wakisema kumi, kila mmoja sehemu ya kumi. Mkisema wote hamtasikia zaidi ya kile kisiwa. Tulisoma kugawanya leo. Mnaona sasa kunatakiwa kwa nini?"

Waliona. Lakini kila mmoja alimtazama mwenzake kwanza, kwa sababu atakayetangulia atabeba mengi na hajui kama atafuatwa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Lusajo.

Lusajo alikuwa amekaa. Alimwangalia Gwakisa akijinyonganyonga ukutani, akamwangalia kwa muda mrefu. Elfu mbili. Elfu tatu. Gwakisa alikuwa ameacha kulia, anatoa povu jekundu tu. Lusajo akatema damu pembeni.

"Sisemi kwa ajili yako," alisema, na meno yaliyopungua yaliyapinda maneno. "Wewe ungekufa tu ningekula chakula cha mchana. Nasema kwa ajili ya bibi yangu na wanawe sita mnaosema walihama. Elfu kumi na moja."

Mkaja ukamkamata. Akapiga yowe akaanguka ubavu, na papo hapo Gwakisa akavuta pumzi moja nzima.

"Elfu kumi na moja!" Bupe akapiga kelele, akaukunja mwili wake.

"Elfu kumi na moja," yule aliyevuta mkanda akasema, huku analia.

"Elfu kumi na moja." "Elfu kumi na moja." Zikaja mbilimbili, kisha kwa mafungu, nyingine zimechanganyika na vilio. Tusekile alikuwa anapiga magoti kutoka kwa mmoja hadi mwingine akiwashika mabega, anawaambia pumua, pumua mwanangu, kinapungua, unaona kinapungua. Na kweli kilikuwa kinapungua. Tarakimu ziligota kwenye elfu kumi na moja kamili zikasimama. Mashine ikalia mara moja, mikaja ikalegea yote, na kwenye ramani ng'ambo ya mto ile mia nne na kumi na mbili ikafutika.

Watoto walishangilia. Ndiyo, katika ile damu yote walishangilia, kwa sauti za kukauka, na wengine walikuwa wamekumbatiana bila kujali nani ni nani.

"Bado jumla," Bupe alikumbusha. "Mlango haufunguki bila jumla mpya."

Tusekile akasimama kwa kushikilia meza. Waliomudu kukaa walikaa, wakashika kingo za stuli, wakajiandaa. Aliwaona jinsi walivyokaza taya. Walikuwa wanaisubiri kwa hamu, maskini ya Mungu, walitaka kibano kikubwa kuliko cha asubuhi.

"Dunia," akasoma. "Milioni sitini na tatu, laki mbili, na elfu kumi na kitu."

Kibano kikaja. Kikawalaza, kikawaachia.

Lusajo akainua uso kutoka sakafuni. "Mbona ni kilekile?"

Tusekile alijua jibu. Alikuwa amelifundisha mwenyewe asubuhi ileile. "Kwa sababu sifuri ni zilezile, Lusajo. Kwenye milioni sitini na tatu, sisi ni wachache mno. Ngazi haipandi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mlango ulikuwa umeshafunguka, kle, na hewa ya korido ikaingia na harufu ya jikoni. Hakuna aliyeinuka. Lusajo alifikiri, uso wote umevimba, kisha akasema taratibu kama anayemwelewesha mtu mgumu kuelewa:

"Soma tena, Mwalimu. Labda haijasikia."

"Imesikia, mwanangu. Na mbavu zenu..."

"Soma tena," akasema Gwakisa kule ukutani.

Akawatazama wote wawili. Kisha akasoma tena, dunia nzima, na elfu kumi mwishoni akazitamka pole pole. Kibano kikaja kilekile, hakikuongezeka hata kwa unene wa ukucha. Watoto wakakivumilia hadi kikapita, wakainua vichwa wakamtazama, na Tusekile akajishika ubavu, akavuta pumzi, akaanza upya.